Kiti Changu Kilikaliwa na Majivu

Watu wengi niliokua nao walikufa bila kupanda ndege ya aina yoyote. Mimi nimepanda helikopta, tena katika miaka ya hamsini, wakati Mkikuyu hakuweza kutoka Ruiru hadi Thika bila pasi mfukoni na sababu mdomoni. Sisemi hivi kwa kujisifu. Nilipandishwa kwa sababu bwana niliyempikia hakujua kubeba chakula chake mwenyewe.

Bwana huyo alikuwa na shamba la kahawa upande wa Gatongora, pale ambapo leo kuna nyumba za kupangisha zilizobanana hadi jua halioni pa kupita. Alikuwa mrefu, mwekundu wa magoti, na alijua kila kitu. Alijua dawa ya kuku, na kuku wakafa. Alijua kutengeneza pampu ya mtoni, na tukachota maji kwa ndoo mpaka fundi alipoletwa kutoka Thika. Kahawa peke yake ndiyo iliyostawi, nadhani kwa kuwa ilipandwa kabla hajafika. Kiswahili chake kilikuwa cha kutoa amri. Neno la kuuliza hakujifunza hata moja, isipokuwa lile la kuuliza chai iko wapi.

Kazi ya upishi niliijua na niliifanya vizuri, si kwa mapenzi, ila kwa sababu mpishi aliyefukuzwa siku zile alikuwa mtu asiye na mahali pa kulaza kichwa. Ilikuwa hali ya hatari. Wafanyakazi wote wa shamba tulikuwa tumekusanywa katika laini moja, vibanda vya udongo vilivyozungushiwa handaki na miti iliyochongwa ncha, na lango moja tu. Jioni saa kumi na mbili nyapara alipuliza firimbi, kila mtu akasimama mbele ya mlango wake, tukahesabiwa. Walioshika zamu langoni waliitwa ngati, vijana wa kwetu waliopewa makoti ya serikali na mikuki ili wawalinde majirani zao dhidi ya majirani zao.

Sheria ya hesabu ilikuwa fupi. Mwanamume asiyekuwa mlangoni pake firimbi ilipolia alichukuliwa kuwa ameingia msituni kwa wapiganaji walioipinga serikali. Hakukuwa na kuugua wala kuchelewa. Mkewe alipandishwa lori jioni ileile akapelekwa kwenye kambi ya mahojiano, na kibanda kikapigiliwa mbao. Nilishuhudia kikipigiliwa kibanda cha jirani yangu ambaye alikuwa amelewa tu, amelala kichakani ng'ambo ya handaki. Asubuhi alirudi akishika kichwa, akakuta mlango una mbao, naye akachukuliwa kufuata mkewe.

Mimi nilikuwa na mke, na mtoto wa kike aliyekuwa bado hajaota jino. Kwa hiyo nilichokichunga kuliko kitu kingine chochote duniani ni kusimama mlangoni pangu firimbi ikilia. Bwana aliniruhusu nitoke jikoni nikahesabiwe, kisha nirudi kwa pasi yake kumpakulia chakula cha jioni. Alinung'unika kila siku kwamba serikali inapoza supu yake.

Nyapara naye alikuwa mtu wa kofia. Chini ya ile kofia sikuwahi kugundua kitu kingine. Aliwahi kuniomba mabaki ya nyama ya mezani kwa bwana, nami nikampa mbwa wa bwana huku yeye anatazama. Hakusahau, wala sikutaka asahau.

Basi akaja mgeni kutoka Ulaya, rafiki wa bwana tangu walipokuwa shuleni, mnene, mpole, mtu wa kuomba radhi hata kwa kiti alichokigonga. Alikuwa amesikia kwamba kusini, ng'ambo ya mpaka, katika nchi ya Wamasai, kuna mlima unaotapika moto na majivu. Alitaka kuuona kabla hajarudi kwao. Bwana hakuwa ameuona hata siku moja, lakini hadi nilipoleta viazi mezani alikuwa tayari mjuzi wake. Kiingereza nilikielewa kuliko walivyodhani, na nilizunguka na ile sahani polepole.

Alimweleza mgeni kwamba ardhi yote nyekundu kutoka Ruiru hadi Thika ilitoka matumboni mwa milima zamani za kale, na ndiyo maana kahawa inazaa. Hilo huenda ni kweli. Kisha akasema mtu mwenye akili hangengoja zamani za kale zirudi. Angekwenda kwenye mlima ulio hai, achote majivu mabichi, ayamwage kwenye kitalu cha miche yake, na katika msimu mmoja awapite majirani wote. Mgeni akasema ni wazo la ajabu sana, nami nikakubaliana naye kimoyomoyo.

Helikopta ilipatikana Thika. Kulikuwa na rubani aliyeajiriwa kunyunyizia dawa mashamba makubwa ya upande ule, na Jumapili alikuwa radhi kumpeleka mtu yeyote popote. Chombo chenyewe kilikuwa na nafasi ya rubani na watu watatu. Bwana na mgeni ni wawili. Nafasi ya tatu ilikuwa yangu, pamoja na kikapu cha kuku wa kuchoma, mikate iliyopakwa siagi, birika mbili za chai zilizofungwa vitambaa zisipoe, kitambaa cha meza, vikombe vya udongo mwembamba na magunia matupu ya kahawa.

Nilimwuliza bwana habari ya hesabu. Alisema saa kumi tutakuwa tumerudi, tunakunywa chai barazani. Alisema *tunakunywa* kana kwamba mimi nami ningeketi. Jumamosi jioni nilipotoka kuhesabiwa nilimweleza mke wangu ninakokwenda kesho. Alicheka, akanitaka nirudie, akacheka tena. Halafu akaacha kucheka akaniuliza, "Firimbi itakukuta hapa?" Nikamwambia itanikuta. Nililala stoo ya jikoni kwa pasi ya bwana, tukaondoka kwa gari kungali giza kwenda Thika. Hivyo pale shambani hakuna aliyeniona nikiondoka, na aliyejua ni mke wangu peke yake.

Helikopta haina heshima ya ndege. Inatetemeka kama sufuria ya maharagwe, inakupigia kelele hadi kwenye meno, na sakafu yake unaona ni bati tu kati yako na hewa. Tulipanda juu ya mabati ya viwanda vya Thika, tukafuata mkonge, kisha kahawa, na mara nikaiona laini yetu. Nilikuwa nimejiambia kwamba kutoka angani itafanana na kijiji. Ilifanana na zizi la mbuzi, kama inavyofanana ukiwa chini. Nilitafuta mlango wangu sikuupata.

Bwana alimpigia mgeni kelele sikioni njia nzima, akimwonyesha vitu kwa kidole. Kila alipoonyesha, tulikuwa tumeshapita. Tulivuka Nairobi, tukavuka vilima vya Ngong, na nchi ikaanguka chini yetu, bonde kavu la rangi ya ngozi ya simba. Tulitua kando ya ziwa la Magadi ambako mapipa ya mafuta yalikuwa yametangulizwa kwa lori. Mgeni alitapika pale, akaomba radhi kwa rubani, akaomba radhi kwa bwana, akaniomba radhi mimi niliyemletea maji. Kisha tukaenda tena hadi mlima ukatokea.

Nimekulia mahali ambapo mtu akiomba huelekeza uso Kirinyaga, mlima unaojifunika mawingu ili usitazamwe ovyo. Huu wa Wamasai haukujifunika kitu. Ulisimama peke yake uwandani, mwembamba wa kilele, mweupe kuanzia mabegani kwenda juu. Nilidhani ni theluji. Rubani akasema ni majivu. Moshi wa kijivu ulikuwa unapanda taratibu kutoka juu, ukilala upande mmoja na upepo. Wamasai huuita mlima wa Mungu, na nilipouona sikuwa na neno la kubishana nao.

Bwana alitaka ashushwe ukingoni kabisa mwa shimo. Rubani alikataa. Hewa ya juu ni nyepesi, alisema, chombo hakitapata nguvu ya kuondoka. Alitutua begani mwa mlima, mahali palipokuwa sawa kidogo, akazima injini akawasha sigara. Kutoka hapo ni miguu. Bwana alitangulia na fimbo yake, mgeni akafuata akihema, na mimi nyuma na kikapu kichwani na magunia chini ya kwapa. Tulipanda kwa makorongo yaliyojaa majivu, hatua moja mbele, nusu hatua nyuma. Mgeni alikuwa amevaa viatu vya kwenda kanisani.

Saa nne ilitukuta mahali ambapo mbuzi angefikiri mara mbili. Bwana akatazama saa yake akasema chai. Nimewahudumia watu hawa miaka mingi na hili sijalielewa hadi leo. Mlima unanguruma, miguu inateleza, lakini saa nne ni chai, na chai ni kikombe na sahani yake, na chini ya sahani ni kitambaa cheupe. Nilitandika kitambaa kwenye mteremko nikakishikilia kwa mawe. Kikombe cha mgeni kilijiondokea chenyewe, kikateremka polepole mbele ya macho yetu, kikatumbukia korongoni. Bwana alinilaumu kwa kutojua kutandika.

Tulifika juu jua likiwa utosini. Sitadanganya, niliogopa, na nilifurahi kuwa hai nikatazama. Chini ya ukingo kulikuwa na shimo pana, na katikati ya shimo vichuguu vyeusi vilivyopumua kama ng'ombe mgonjwa. Kimoja kilikuwa kinarusha matope meusi mepesi, mepesi kama mafuta ya gari, yakitiririka kwa haraka nisiyoitegemea, na yalikopoa yalikuwa yanaanza kugeuka meupe. Harufu yake ilikuwa ya kiberiti na ya sabuni. Kila mara ardhi ilitetemeka kidogo chini ya nyayo zangu, nikahisi ninasimama juu ya kitu kinachojifikiria. Nilivua kofia. Mgeni naye alivua yake, na kwa mara moja nilimpenda.

Bwana alitazama muda mfupi, mikono kiunoni. Akasema alitegemea shimo litakuwa kubwa zaidi.

Kisha akaniagiza nijaze gunia. Alitaka la kwanza litoke palepale ukingoni, kwa kuwa majivu ya juu ndiyo mabichi. Rubani alikuwa ametuambia kabla hatujapanda kwamba unga ule mweupe unafanana sana na ule wa chumvi wa ziwani Magadi, na kwamba yeye asingeutia hata kwenye bustani ya mkwewe. Bwana alimjibu kwamba kazi ya rubani ni kuendesha. Basi nilijaza kwa mikono, macho yakiniwasha, nikalibeba mgongoni kwa kamba ya paji la uso kama mama zetu wanavyobeba kuni, nikateremka nalo hadi begani mwa mlima. Huko nikajaza mengine, manne yote kwa jumla, bwana akiketi juu ya kikapu akila paja la kuku na kunihimiza nisiache nafasi tupu.

Ningejua, ningeacha nafasi tupu.

Tulipanda wote na magunia yetu. Rubani alisema haitawezekana, bwana akasema jaribu. Injini ikalia, panga za juu zikazunguka, vumbi jeupe likatufunika, na chombo kikaruka kimo cha ng'ombe kisha kikajikalisha chini kwa kishindo kilichoniuma meno. Rubani akazima akasema kitu kizito lazima kishuke. Bwana akashusha kikapu. Halafu birika za chai. Halafu mto aliokuwa ameukalia. Wakajaribu tena na chombo kikakataa tena. Bwana akatazama magunia, akamtazama mgeni, akanitazama mimi. Nilimwona akipima, uso umetulia kabisa, kama mtu anayechagua soksi.

Alisema, "Wewe kaa hapa. Kesho ndege rudi kuchukua wewe."

Nikamkumbusha hesabu ya jioni. Nikamkumbusha mke wangu na mtoto. Akasema atamwambia nyapara, nisiogope. Nilikuwa sijawahi kumjibu tangu nianze kazi kwake, lakini siku ile nilimjibu.

"Magunia yanaweza kulala hapa, bwana. Magunia hayahesabiwi."

"Mvua ikija, majivu haribika," akasema. Akainama mwenyewe, yeye ambaye sikuwahi kumwona akiinamia hata viatu vyake, akalisogeza gunia mahali nilipokuwa nimekaa ili likae sawa.

Rubani alitazama pembeni. Kumtoa mwajiri wake kwenye kiti hakuthubutu. Mgeni alianza kusema jambo, kwamba labda yeye angeweza, kwamba labda tungeweza, kisha sentensi yake ikaishia hewani. Alivua sweta lake akanipa, akaniambia pole, tena pole. Nilimdharau yule mpole kuliko bwana. Bwana hakujua anachofanya. Mgeni alijua, akalipia kwa sweta.

Wakaondoka. Chombo kilipanda vizuri sana bila mimi.

Usiku wa mlimani sitausimulia kwa marefu. Kulikuwa na baridi juu na joto chini, na nilikula mikate iliyobaki nikiwa nimekaa juu ya kitambaa cha meza. Sikuogopa mlima. Jua lilipozama niligeuka kuelekea kwetu na nikaisikia ile firimbi kichwani wazi kabisa, nikamwona mke wangu amesimama mlangoni na mtoto mgongoni na nafasi tupu kando yake. Nilijiambia bwana ameshamwambia nyapara. Nililirudia hilo hadi likaanza kunikera.

Helikopta ilirudi kesho yake alasiri. Alikuwa rubani peke yake. Tulipovuka Ngong akanipa sigara akasema kwa Kiingereza, bila kunitazama, kwamba hatambeba tena mtu yule.

Alinishusha karibu na nyumba ya bwana, na bwana alinikuta jikoni nikiwa bado mweupe wa majivu tangu nywele hadi nyayo. Alifurahi sana kuniona. Alikuwa hajala chakula cha moto tangu Jumamosi. Nikamwuliza kama alimwambia nyapara. Akasema ndiyo, bila shaka, alimwambia asubuhi.

Asubuhi. Nilimwomba arudie. Akarudia, akishangaa kwa nini nimekunja uso. Jana yake walifika kutoka Thika jua likielekea kutua, na aliwahi kitaluni kumwaga majivu kabla ya giza, kwa sababu, alisema, majivu yasingengoja. Baadaye walikunywa pombe kidogo yeye na mgeni. Asubuhi alimkuta nyapara kitaluni akamwambia mpishi yuko mlimani. Nyapara akasema ndiyo bwana. Hakusema zaidi, kwa kuwa hakuulizwa zaidi.

Nilishuka kwenye laini nikikimbia. Kibanda changu kilikuwa kimepigiliwa mbao mbili, moja juu ya nyingine. Nyapara alisimama kando na kofia yake. Angeweza jioni ile kupanda hadi nyumbani kwa bwana akauliza, ni mwendo wa kumaliza sigara moja. Aliniambia hakutaka kuwasumbua wazungu wakiwa na mgeni. Alisema hivyo kwa adabu, huku anazitazama zile mbao kama kazi ya mikono yake, na ilikuwa kazi ya mikono yake.

Bwana alipiga simu. Hilo alilifanya, na kwa miaka mingi alijisifia. Nilisimama mlangoni nikasikiliza upande wake wa mazungumzo. Afisa wa ile kambi alimwambia kwamba mwanamke huyo amekwisha kukiri. Alikiri jioni ileile kuwa mumewe yuko msituni na kwamba alikuwa akimpelekea chakula. Kama kuna mtu nyumbani kwa bwana anayedai kuwa mumewe, afisa angependa sana kumpata naye ahojiwe. Bwana alinitazama akiwa ameshika simu. Angeweza kusema mtu wangu alikuwa nami, nilimwacha mlimani nipate nafasi ya magunia, nina shahidi mgeni na nina shahidi rubani. Ilikuwa sentensi moja tu. Lakini angeonekana mjinga mbele ya mzungu mwenzake, na huenda angepoteza mpishi. Akasema asante, akaweka simu.

"Wewe nyamaza," akaniambia. "Mimi sema sana, wao chukua wewe pia." Halafu akauliza kuna nini cha jioni.

Nilipika. Watu huniuliza kwa nini sikumwekea kitu chakulani. Nilikuwa na mtu kambini, na nje ya lile shamba sikuwa na mahali pa kumngojea. Mgeni aliondoka juma lile, akasahau sweta lake kwangu, au akajifanya amesahau.

Kuhusu miche, iliungua. Ilianza kwa majani kukunjika kingo, halafu rangi ya kahawia, halafu kitalu kizima kikawa kimesimama kimekauka, na juu ya udongo ukoko mweupe ambao mvua haikuweza kuuondoa. Bwana alilaumu mvua. Kisha alinilaumu mimi kwa kuchota majivu ya mahali pabaya. Nilimsikia mezani akiwaeleza majirani kwamba tatizo la nchi hii ni kwamba huwezi kumwachia Mwafrika kazi ya kitaalamu. Nilikuwa nawapakulia karoti.

Mke wangu alirudi walipoanza kuzipunguza zile kambi. Alishuka kwenye lori barabarani Ruiru, amekonda, nywele zimekatwa, akimshika mkono mtoto anayetembea. Mtoto ambaye nilimwacha bila jino alinitazama akamwuliza mama yake huyu ni nani. Nilikuwa nimepewa ruhusa ya kung'oa zile mbao, na nilikuwa nimepiga udongo mpya ukutani. Tuliingia ndani. Nikamwashia moto, nikamchemshia uji.

Siku za kwanza alikula, akamlaza mtoto, akalala. Alipoongea, aliongea akiwa amekaa karibu na mafiga, uso ukiwa kwenye moto. Jioni ile, alisema, nyapara alifika mlangoni akauliza mumeo yuko wapi, naye akasema ukweli. Alisema, "Mume wangu amekwenda na bwana kwa helikopta kuona mlima unaowaka." Ngati walicheka hadi wakashikilia mikuki isianguke. Wakamwuliza tena, akasema lilelile. Kambini alilisema tena mbele ya mzungu, na yule mzungu alimtafsiria mwenzake wakacheka wote. Halafu wakaanza kumpiga, kwa sababu waliona anawadhihaki. Alisema ukweli mara nyingi. Kila alipousema, hata yeye mwenyewe alisikia jinsi unavyofanana na upuuzi. Mwisho akasema mumewe yuko msituni, na fimbo ikaacha.

Mtu aliyekiri hulazimika kukiri tena mbele ya kila afisa mpya. Alisimulia habari ya msitu hadi akaijua njia niliyopita, na mahali alipokuwa akiniachia chakula, chini ya mti upi. Wanawake wengine kule walimheshimu. Walimwachia nafasi karibu na ukuta, wakamsaidia mtoto alipougua, kwa kuwa alikuwa mke wa mtu aliye kule juu.

Mtoto alikuwa amelala mapajani mwake.

"Baba wa mtoto," akasema, "ulikuwa wapi siku ile? Usiniambie habari ya ndege."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na ukweli wote, tangu kikombe kilichoteremka hadi gunia lililowekwa kitini pangu. Nikamtazama usoni nikaona anachoomba. Hakuwa akinishuku. Alikuwa ameteswa muda wote ule, na alikuwa ananisihi nisimwambie kwamba ni kwa ajili ya kitalu cha kahawa.

Nikamwambia nilikuwa msituni.

Alivuta pumzi ndefu, akaitikia kwa kichwa polepole, ndiyo, ndiyo. Akamsogeza mtoto akae vizuri, akaniuliza kama nimekula.